Mwandiko wa Raqi

Jumanne, 10 Machi 1992

Daftari hili lilikuwa la maagizo ya sufu kiwandani. Kiwanda kimefungwa, sufu hakuna, daftari nimelichukua. Kuiba? Haya, kuiba. Padri Thanas kasema kila mmoja aandike nyumbani kile ambacho Neno limemfanyia siku hiyo. Nina miaka hamsini na mmoja na sijawahi kuandika jambo la siri. Nani angethubutu! Karatasi zilikuwa na masikio makali kuliko kuta.

Basi Neno limenifanyia nini leo? Limenitapisha.

Tunakutana Jumanne na Jumamosi alasiri, katika kanisa la mtaa wa chini, lile ambalo serikali ililigeuza ghala la vitunguu dini zilipopigwa marufuku. Vitunguu viliondoka mwaka jana, uvundo umebaki. Umeingia kwenye chokaa. Watakatifu ukutani wamekwanguliwa nyuso. Tunakaa juu ya makreti, watu tisa, vitabu vitatu vya Injili. Ni vya msaada, haviruhusiwi kutoka. Tumeanza Luka. Padri ana miaka themanini na moja na meno mawili. Anasema: msije na majibu, njooni na masikio. Mgeni hawezi kukaa kwenye kiti kilichorundikwa nguo, ziondoeni kwanza! Marjanthi, jirani yetu, akaninong'oneza: mafuta ya msaada wa Waitaliano yanagawiwa leo au Jumamosi? Kafuata mafuta huyo. Nusu yao wamefuata mafuta.

Mimi sikufuata mafuta. Luka naijua kwa moyo. Baba alinisomea tangu utotoni, na baada ya marufuku alinisomea mlango umefungwa, redio imepandishwa sauti. Nilikaa mgongo wima. Niseme kweli — nilijiona.

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Raqi.

Raqi Gjergo! Katibu wa baraza la mtaa kwa miaka ishirini na mitano. Kofia mkononi, koti linanuka dawa ya nondo. Akauliza kama kuna nafasi. Padri akasema: kaa. Na zamu ilipomfikia, wakampa asome. Akakohoa mara mbili. Akasoma.

Sauti ileile. Mwaka 1974, katika ukumbi wa sinema, mbele ya watu mia nne, alisimama jukwaani akakohoa mara mbili akasoma ushahidi wake: kwamba Sotir, fundi bati, anaficha Injili ndani ya mzinga wa nyuki, kwamba yeye Raqi ameiona kwa macho yake. Alisoma vizuri. Alituliza pumzi kwenye kila koma. Baba alifungwa miaka minane, kazi ya mgodini. Alikufa mgodini mwaka wa tano. Maiti hatukupewa.

Nilitoka nje nikatapika kando ya ukuta. Kweli kabisa, chai na mkate.


Jumamosi, 14 Machi

Amekuja tena. Nilidhani atakuwa na haya! Kakaa mbele.

Leo mfano wa mpanzi. Mbegu njiani, mbegu mwambani, mbegu kwenye miiba. Wengine wanapiga miayo. Marjanthi anahesabu makopo yaliyopangwa mlangoni. Raqi anauliza. Padri, ule udongo wa njiani, uligandamizwa na nani? Na ukishagandamizwa, unaweza kulimwa tena, au basi? Padri akafurahi, meno yake mawili yakaonekana. Akasema hajawahi kuulizwa hivyo, atalifikiria.

Hivi kweli! Mimi nimekaa pale na Luka yote kichwani, hakuna aliyeniuliza neno.

Halafu huyo Raqi akalia. Analia ovyo, kamasi mpaka mdomoni, hajifuti. Akainama akabusu ukurasa. Kitabu kilipozunguka kikanifikia — pale kwenye mfano, doa. Limelowa. Nikalifuta kwa pindo la sketi nikisugua mpaka karatasi ikaota manyoya. Bado naliona.


Jumapili, 15 Machi

Mama kaniuliza tumesoma nini. Nikamwambia. Macho yake yamekufa mwaka wa tatu sasa, anategemea mdomo wangu. Kuhusu Raqi sijasema. Ana miaka themanini. Ya nini.


Jumanne, 17 Machi

Nimemvizia Padri kabla wenzetu hawajafika. Alikuwa anafagia maganda ya vitunguu. Mwaka mzima tunafagia, maganda hayaishi.

Nikamwambia: "Padri, mtu yule atoke."

"Yupi?"

"Unamjua. Ama yeye, ama mimi."

Akasimama, kaegemea ufagio. "Nitakukumbuka sana, Evanthi."

Nikacheka, nikadhani utani. Hakuwa anatania.

"Amemuua baba yangu!"

"Najua. Na mimi nilinyolewa ndevu uwanjani na watu ninaowauzia mishumaa leo." Akaendelea kufagia. "Wewe mwanangu unakuja kuangalia kama tunakosea mistari. Yeye anakuja kwa sababu hajui. Nimfukuze anayeuliza nimbakize anayesahihisha?"

Niliondoka. Nilifika mpaka kwenye foleni ya mkate, nikasimama, nikarudi. Kwa nini nilirudi? Sijui. Labda nilitaka kuona kama atalia tena ili nichukie vizuri.

Alilia.


Jumatatu, 23 Machi

Chama kimeanguka! Kura zimehesabiwa. Watu wanapiga risasi hewani, wanakumbatiana barabarani, mvua inawanyeshea wala hawajali. Marjanthi anacheza juu ya gari la taka. Nilidhani siku hii nitaimba. Nimekaa na Mama karibu na jiko, tumekula maharage. Mama kasema: sasa watu wote watakuwa hawakuwahi kuwemo. Kasema hivyo tu, akaomba chumvi.


Jumamosi, 28 Machi

Wawili wamepanda hekaluni kusali. Mmoja amenyooka, anashukuru kwamba yeye si kama wale. Mwingine kasimama nyuma, anajipiga kifua.

Mfano ule nimeusikia mara mia. Mara mia nilijua mimi ni nani ndani yake. Leo Padri kasoma polepole mno, na nikamwona Raqi amejibanza nyuma ya nguzo, macho chini. Na mimi — mstari wa mbele, mgongo wima.

Nilikasirika. Nilimkasirikia Luka! Ameandika kitu ambacho mnyang'anyi yeyote anaweza kukivaa kama koti na kikamtosha. Rahisi hivyo? Miaka ishirini na mitano ya faili, kisha unajipiga kifua, unatoka umesafishwa?

Kuna jambo sijaliandika. Daftari ni langu, nitaliandika.

Februari 1975. Karatasi moja. Namkana baba yangu Sotir, adui wa umma, sina tena uhusiano naye. Bila karatasi ile ningefukuzwa kiwandani, na mimi na Mama tungehamishiwa milimani, kwenye vibanda vya matope. Nilitia saini. Baba alikuwa hai bado. Huko mgodini waliwasomea wafungwa karatasi kama hizo, kwenye gwaride la asubuhi.

Aliyeiandika, aliyenionyesha kwa kidole mahali pa kusaini — kidole kile kinene cheupe, kucha ndefu — ni Raqi.

Mama hajui. Padri hajui. Raqi anajua. Anaweza kunifunga mdomo kwa neno moja, wakati wowote. Hasemi. Hata kwa jicho hasemi. Huko kutosema kwake kunanitia kinyaa kuliko machozi yake yote.


Jumanne, 31 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilipotoka alikuwa ananisubiri uani, kwenye matope.

"Binti Sotir, dakika moja."

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani?"

"Usiniite!"

Akatoa kwenye koti kitu kilichofungwa gazeti. Akazungumza haraka, kama mtu aliyejisomea maneno njiani.

"Kitabu cha baba yako kilikaa kwangu siku nne kabla sijakipeleka. Alhamisi mpaka Jumapili. Nilitaka kuona ni kitu gani mtu mzima anakubali kufungwa kwa ajili yake. Nikafungua. Nikaanza kunakili. Marehemu mke wangu alidhani naandika ripoti."

"Halafu ukakipeleka."

"Halafu nikakipeleka."

Nilisubiri aseme lakini. Lakini niliogopa, lakini nilikuwa na watoto. Haikuja. Alisimama tu na kauli yake ile, kavu kama mfupa.

"Wakakifanya nini?"

"Walikichoma. Nilitia saini kuthibitisha kwamba kimechomwa." Akakigeuza kifurushi mkononi. "Baba yako alikuwa akiandika pembeni kwa penseli, ukurasa karibu wote. Mimi sikuwahi kushika Injili kabla ya hapo. Sikujua yapi ni ya Luka na yapi ni yake. Nilinakili yote, yameungana."

Kumbe daftari la nakala hiyo alilificha nyuma ya picha ya Kiongozi, ukutani sebuleni kwake. Mahali pekee katika nyumba ambapo hakuna ambaye angethubutu kupekua. Miaka kumi na minane! Maneno ya baba yangu mgongoni mwa mtu yule!

Nilimtemea mate. Sikulenga vizuri, yakaangukia kwenye kola. Hakuyafuta. Afadhali angeyafuta. Nilimpokonya daftari nikaenda zangu.


Jumatano, 1 Aprili

Siwezi kulisoma.

Nimekaa nalo dirishani tangu asubuhi mpaka mwanga umeisha. Ni hati mkato, kama ya makarani, aliyojibunia Raqi mwenyewe kwa ajili ya mikutano yao: neno moja herufi mbili, nyingine imepandishwa juu, nyingine mkia tu. Penseli imefifia. Nimegeuza kurasa zote. Ninachotambua ni Ev. na Pol. Ev. mara tisa. Pol., ndiye Mama, mara nyingi zaidi.

Jina langu limo. Baba aliandika kitu kunihusu mara tisa, na mimi nimekaa mbele yake kama ng'ombe mbele ya gazeti.

Na linanuka. Dawa ya nondo, jasho, tumbaku. Kila nikiligusa nanawa. Nikishanawa nalirudia. Leo nimenawa mara saba, vidole vimechanika kwa baridi.

Nimefikiria kulitupa ndani ya jiko liungue. Nikafungua mlango wa jiko. Nikaufunga. Si hivyo walivyofanya wao?


Ijumaa, 3 Aprili

Nimemwambia Mama. Si yote. Kuhusu kundi, kuhusu Raqi, kuhusu daftari. Kuhusu Februari sikusema.

Alikuwa anachambua maharage kwa vidole. Hakuacha. Nilipomaliza akasema: "Mlete."

"Mama, nimesema Raqi! Raqi Gjergo!"

"Nimesikia. Mimi kipofu, si kiziwi."

"Akanyage hapa? Akae kwenye kiti cha Baba?"

"Viti vyote ni vya Sotir, alivitengeneza mwenyewe. Ulitaka akae chini?" Akatupa jiwe moja lililokuwa kwenye maharage, likalia sakafuni. "Miaka kumi na minane sijasikia neno la mume wangu. Hata kama mbwa ndiye amelibeba mdomoni, nitamwambia: njoo, liweke hapa."

"Mimi siwezi kukaa chumba kimoja naye."

"Basi kaa jikoni."

Nimelia kwa hasira. Kwake ni rahisi, hamwoni! Haioni mikono ile. Halafu nikawaza: yeye alipoteza mume, nami natafuta nani ana haki zaidi ya kuchukia. Nimejichukia. Siku nzima sikula.


Jumamosi, 4 Aprili

Padri alikuwa mgonjwa, kifua. Tulisoma wenyewe kidogo, tukatawanyika. Makopo yalitolewa: samaki, moja kwa kila mtu. Marjanthi kachukua mawili.

Nilimfuata Raqi mpaka kwenye kona. Sikumtazama usoni, nilitazama vifungo vya koti.

"Jumatano, saa tisa alasiri. Kwetu. Mama anataka umsomee."

Alifunga kifungo cha juu. Kisha akasema, chini kabisa: "Na ile karatasi..."

"Karatasi gani?"

Ng'ombe wa maziwa alipita na mwenyewe.

"Hakuna karatasi," akasema.

"Hakuna," nikasema.

Mungu wangu! Tumekuwa washirika. Mimi na yeye! Nimetembea mpaka nyumbani nikijihisi kama nimepakwa mafuta machafu mwili mzima, na hakuna sabuni madukani.


Jumatano, 8 Aprili

Naandika jikoni. Wao wako chumbani, wananisubiri. Nimesema nakuja kutengeneza chai.

Alifika saa tisa kamili. Amenyoa, amejikata kidevuni. Alisimama kizingitini kama aliyesahau jinsi nyumba inavyoingiwa.

Mama akasema: "Karibu, bwana katibu. Leo huna haja ya kuandika."

Akaniagiza nilete kijiko cha plamu zilizochemshwa na sukari na glasi ya maji, kama kwa mgeni yeyote. Plamu za mwisho! Sukari ya mwaka juzi! Nilileta. Alikula. Alimeza kwa taabu, nikafurahi, nikaona aibu kwa kufurahi.

Halafu akafungua daftari. Nilisimama mlangoni, mikono nyuma, ili nisikae. Akaanza.

Mwanzoni ilikuwa Luka tu, naijua, nilikuwa natamka naye midomo imefungwa. Pale anapokosea nilihesabu. Kuhani hekaluni, malaika, yule mke mzee ambaye atazaa. Kisha katikati ya habari ile, bila kupumzika, sauti ileile, akasoma: Ev. kaota jino la mwisho leo, miaka thelathini na mbili, analia kama mtoto mchanga, nimemfunga shavu.

Mama akacheka! Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Kwa soksi," akasema. "Alimfunga kwa soksi. Soksi ya sufu, nyekundu." Raqi akainua macho. Akasema, haimo soksi, Bi Polikseni. Mama akasema: "Andika basi. Iongeze." Na yeye — akatoa penseli akaiongeza! Nikaona mkono ule ukiandika soksi ndani ya maneno ya baba yangu. Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilikuwa nataka ukurasa unaofuata.

Akasoma saa nzima. Nyuki wamehama. Pol. anakohoa. Ev. anaimba akidhani simsikii. Yule kuhani kafunguliwa kinywa, bei ya bati imepanda, wachungaji wanakesha na kundi. Baba hakuwa na padri, hakuwa na rafiki wa kuambiwa. Alikuwa akimwambia Luka. Sikuwahi kujua. Nililijua kila neno la kitabu kile, la pembeni sikuwahi kulitazama. Nilikuwa naona ni uchafu wa penseli.

Sijui ni lini nilikaa. Nilijikuta nimekaa.

Walifika pale Mwalimu anapoulizwa jinsi ya kusali. Mwenye kuomba atapewa, mwenye kubisha — yote nayajua. Raqi akasoma, akageuza, akasoma: Akibisha tena, mfungulieni. Naye ana njaa.

Akaishia hapo.

Mama akauliza: "Hiyo ni ya nani?"

"Sijui, Bi Polikseni." Sauti yake haikuwa ile ya sinema. Ilikuwa imepasuka. "Kila mwaka najiuliza. Sikuweka alama popote."

Siku zile kabla ya ule ushahidi, Raqi alikuwa akija kwetu. Ndiyo. Lazima niandike. Alikuwa akija na jiko lake la bati kuzibwa matundu, alikuwa akila mezani petu, na ndivyo alivyouona mzinga. Wiki ya mwisho Baba alikuwa ameshashuku. Nilimwambia: akija tena usimfungulie. Aliendelea kugonga bati.

Mama akageuza uso wake upande wangu. Alijua hasa nilipokaa. "Evanthi, wewe Luka unaijua kwa moyo. Sema. Imo kitabuni, au ni Sotir?"

Raqi naye akanitazama. Hakuomba kitu. Alitaka kujua tu, vilevile kama alipouliza kuhusu udongo.

Nimetafuta kichwani. Nimeanza sura mwanzo, nimeipita mstari kwa mstari, nimerudi. Kuna mlango. Kuna rafiki aliyekuja na mikate hakuna. Kuna kubisha. Labda imo. Labda si neno kwa neno. Labda ni Baba, na aliandika kwa ajili yetu sisi wawili, na anayetuletea ni huyuhuyu. Labda ni Raqi aliyeitunga nyuma ya picha yake, ili siku moja afunguliwe. Vitabu vya kuhakikisha viko kanisani, na ufunguo wa kanisa uko kwa Padri kitandani.

Nikisema ni ya Luka, ni ya kila mtu, tutaendelea mbele. Nikisema ni ya Baba, basi yule wa kufunguliwa ni Raqi. Nikisema anadanganya, Mama atamfukuza, ataniamini mimi, na hakutakuwa na mwingine duniani wa kutusomea zilizobaki. Kurasa hamsini na kitu.

Nilisema: nakuja, naweka chai.

Maji yamechemka zamani, nusu yamekauka. Mama kaniita mara moja. Hajaniita tena. Namsikia Raqi akivuta pumzi, hageuzi ukurasa, anasubiri — na mimi kwa mara ya kwanza maishani sijui, sijui kabisa kilichoandikwa, nimepanga vikombe vitatu kwenye sinia, naingia kuwaambia hivyo.